Fimbo ya Jigi Nyepesi: Pima Jigi Kwanza, Samaki Baadaye

Swali linalonijia kuliko yote, hasa kaskazi inapolegea na bahari ya mbele ya Mji Mkongwe ikatulia, ni hili: "Nimenunua jigi ndogo za gramu mbili tatu, lakini haziendi. Narusha, zinaanguka hapo hapo mbele yangu. Tatizo nini?" Anayeuliza huwa ameshabadilisha jigi, ameshabadilisha rili, na wenziwe wameshamwambia arushe kwa nguvu zaidi. Mara nyingi tatizo liko kwenye fimbo. Imetengenezwa kwa ajili ya risasi nzito, na yeye ameifunga kitu chenye uzito wa sarafu.

Nitasema hapa namna ya kuchagua fimbo ya kazi hiyo, kwa mtu anayevua Unguja, akiwa ukutani, ufukweni au ndani ya ngalawa. Jigi nyepesi ninayoisemea ni ya gramu 1 hadi 7: kipande cha chuma chenye ndoana, au kichwa kidogo cha risasi kilichovishwa mkia wa mpira.

Kwa nini nyepesi hivyo?

Tazama samaki wetu wanakula nini. Usiku wa giza mashua zinawasha taa kuwavuta dagaa, na asubuhi dagaa hao wanachemshwa na kuanikwa Mangapwani na Kama. Wengine husafirishwa hadi Kongo. Kibua, kolekole wadogo na mzia wachanga wanawaandama dagaa hao hao, na dagaa hazidi urefu wa kidole. Jigi ya gramu 60 haifanani naye hata kidogo. Hiyo ni ya maji makuu, mkondo wa Pemba na kwingineko.

Pili, kina. Ndani ya mwamba wa pwani ya mashariki, Uroa, Chwaka au Jambiani, hata maji yakijaa unakuwa na mita chache tu juu ya mchanga, majani na matumbawe. Jigi nzito inagonga chini kabla hujazungusha rili, na inabaki huko. Ya gramu 3 inashuka polepole, na samaki wengi huipiga wakati inashuka. Huo mshuko ndio unaovua, na fimbo ngumu inakunyima.

Fimbo inafanya kazi gani unaporusha

Wengi wanadhani mkono ndio unaorusha. Mkono unaikunja fimbo tu. Fimbo ikijinyoosha ndiyo inayotupa jigi. Ni sawa na manati yenye mpira mgumu mno kwa mtoto: hata jiwe likiwa zuri, mpira usipovutika haliendi. Jigi ya gramu 2 haina uzito wa kuikunja fimbo iliyoandikwa gramu 20 hadi 60. Ukiongeza nguvu, kinachoongezeka ni kelele ya fimbo hewani, na uzi unatoka ovyo na kujifunga mafundo.

Kwa hiyo unaponunua, usianze na samaki unayemtamani. Anza na jigi utakayoirusha mara nyingi zaidi. Kama mfukoni mwako nyingi ni za gramu 2 na 3, tafuta fimbo ya gramu 2 na 3, hata kama moyo unakutuma kwenye ile nene iliyo pembeni yake.

Kusoma maandishi ya kwenye shina

Juu kidogo ya mpini kila fimbo ya maana ina maandishi. Usinunue isiyo nayo. Soma haya:

- Nguvu. UL ni fimbo laini sana, na ndiyo ninayompendekezea mtu anayeanza. XUL ni laini kupita hiyo, nzuri kwa jigi za gramu moja na chini yake. L ni nyepesi ya kawaida. Inaanza kufaa kwenye gramu 5 na kuendelea. M na H ziache, hazikuhusu.
- Uzito wa jigi, kwa gramu (g) au wakia (oz). Haya ndiyo maandishi muhimu kuliko yote.
- Uzi, kwa ratili (lb) au kwa namba za PE, ambazo ni kipimo cha Wajapani cha unene wa uzi wa kusuka.
- Urefu, mara nyingi kwa futi na inchi. Futi 6 ni sentimita 183, futi 7 ni sentimita 213, futi 7 na nusu ni kama sentimita 229.

Jigi nyingi zinazotoka Marekani zimeandikwa kwa sehemu za wakia, na watu wanachanganyikiwa. Zigeuze hivi:

- 1/32 ya wakia: gramu 0.9
- 1/16: gramu 1.8
- 1/8: gramu 3.5
- 1/4: gramu 7

Sasa onyo. Fimbo ikiandikwa gramu 0.5 hadi 8, usiamini ncha zote mbili. Mwenye kiwanda anataka kukuuzia fimbo moja kwa kila kitu. Fimbo kama hiyo itafanya kazi vizuri kati ya gramu 2 na 5. Chini ya hapo utahisi hurushi kitu, juu ya hapo inalegea. Chagua fimbo ambayo jigi yako ya kila siku inaangukia katikati ya maandishi. Kwa mvuvi wa Unguja anayetaka fimbo moja tu, nasema bila kusita: UL, gramu 1 hadi 7, futi 7 au inchi chache zaidi.

Ncha: hapa ndipo penye uamuzi mkubwa

Fimbo mbili zinaweza kuandikwa UL zote na zikawa tofauti kabisa mkononi, kwa sababu ya ncha.

Ncha ya kwanza ni ya kaboni tupu ndani, kama mrija. Inajinyoosha haraka, inarusha mbali zaidi, na ukiichezesha jigi inatii mara moja. Ya pili ni ya kaboni iliyojaa, nyembamba kama kijiti cha ufagio, na mara nyingi imepakwa rangi tofauti ili uione usiku. Hiyo inainama kwa uzito mdogo sana. Kibua akiinyonya jigi, ncha inamfuata badala ya kumgomea, naye anachelewa kuitema.

Nani achukue ipi?

- Unavua usiku ukutani, jigi za gramu 1 hadi 3, samaki wadogo wanaonyonya na kutema: ncha iliyojaa.
- Unavua mchana ufukweni, jigi za chuma za gramu 3 hadi 7, unazirusha mbali na kuzivuta kwa kasi kumchokoza kolekole: ncha tupu.
- Hujui bado: ncha tupu. Inasamehe zaidi, na haivunjiki kirahisi mikononi mwa mtu asiyeizoea.

Kuna wasomaji waliozoea mshipi wa mkono watakaosema ncha hiyo ni urembo, kidole kinatosha. Kidole kinatosha kweli, na mvuvi wa mshipi wa Kizimkazi anahisi changu akigusa chambo kwenye kina ambacho mimi na fimbo yangu hatuoni kitu. Tofauti ni kwamba mshipi wake unashuka wima, ukinyooshwa na chubwi. Jigi ya gramu 2 iliyo mita ishirini mbele yako, uzi umelegea na upepo unaupinda, haileti habari kwenye kidole. Habari ile inaonekana kwenye ncha kabla haijasikika mkononi.

Na ukivua kwenye kina kirefu ndani ya chombo, moja kwa moja chini, baki na mshipi wako. Fimbo ya jigi nyepesi haikuongezei chochote huko.

Urefu unategemea unaposimama

Ndani ya ngalawa, fimbo ndefu ni adhabu. Kuna mlingoti, kuna tanga, kuna miti ya pembeni inayoizuia ngalawa isipinduke, na kuna mwenzako. Chukua futi 6 hadi 6 na nusu.

Ufukweni, ukiwa umesimama kwenye maji ya magoti Matemwe au Michamvi, futi 7 na nusu inakusaidia kuinua uzi juu ya mawimbi madogo na kupata umbali zaidi.

Ukutani Mizingani au Shangani, futi 7 inatosha, lakini tazama nyuma kabla ya kila mrusho. Forodhani jioni, watu wakishajaa kwenye meza za vyakula, usirushe kabisa. Ndoana ndogo ya jigi ikimwingia mtoto jichoni hakuna samaki atakayefidia. Nenda alfajiri, au usogee mbali na watu.

Uzi ni nusu ya fimbo

Unaweza kununua fimbo sahihi na bado jigi isiende, kwa sababu uzi ni mnene. Nailoni ya milimita 0.35 iliyoko kwenye rili nyingi za hapa inaishika jigi nyepesi hewani na kuirudisha. Uzi mnene una mikunjo yake, unasugua kila pete, na unashikwa na upepo.

Weka hivi:

1. Rili ndogo, namba 1000 au 2000. Kubwa zaidi inaielemea fimbo, na mkono unachoka.
2. Uzi wa kusuka wa PE 0.4 hadi 0.6. PE 0.6 ina unene wa kama milimita 0.13 tu.
3. Jaza rili mpaka ibaki milimita moja au mbili kufika ukingoni. Ukipunguza, uzi unasugua ukingo na umbali unapotea. Ukijaza kupita kiasi, unatoka kwa mafungu. Kama uzi wa kusuka haujazi, tanguliza nailoni ya bei nafuu chini yake.
4. Mbele ya uzi wa kusuka funga kipande cha nailoni au fluorokaboni, urefu wa mkono mmoja, milimita 0.20 hadi 0.26. Uzi wa kusuka ukigusa tumbawe unakatika mara moja. Kipande hiki kinavumilia kidogo.

"Uzi mwembamba hivyo utakatika!" Naelewa hofu hiyo. Lakini PE 0.6 iliyo mpya na ya ubora inavumilia zaidi ya kilo 4 za mvuto, na breki ya rili unaifunga kiasi cha robo ya hapo. Samaki hapambani na uzi peke yake. Anapambana na fimbo inayopinda na breki inayoachia. Uzi hukatika zaidi kwa fundo baya na kwa mwamba.

Jinsi ya kuijaribu dukani

Vifaa hivi vingi vinatujia kwa ndugu walioko Maskat na Dubai, au kwa mtu anayekwenda Dar es Salaam. Ukiweza kuishika kabla ya kulipa, fanya haya, na usione haya mbele ya muuzaji:

- Nenda na rili yako. Fimbo bila rili inadanganya. Inaonekana nzito mbele wakati haiko hivyo, au kinyume chake. Ifunge, kisha iweke kwenye kidole mbele kidogo ya rili. Ikikaa bila kuangukia mbele sana, ni nzuri.
- Nenda na jigi ya gramu 3. Ining'inize nusu mita chini ya ncha na uitikise fimbo kwa kiganja tu. Ncha inapaswa kuinama na kurudi waziwazi. Isipotikisika, irudishe.
- Pitisha pamba ndani ya kila pete. Pamba ikinasa, pete ina ufa, na ufa huo utaukata uzi mwembamba katika siku chache.
- Iangalie kwa jicho moja kutoka kwenye shina hadi ncha. Pete zote zikae kwenye mstari mmoja.
- Unganisha vipande, kisha viachanishe. Visiwe na mchezo, wala visigome.
- Usiikunje kwa kuishika ncha. Fimbo nyingi laini huvunjwa dukani na mteja mwenyewe, na atakayekuja baada yako akainunua hajui kwamba imeshapasuka ndani. Mwombe mtu ashike uzi uliopitishwa kwenye pete zote, avute polepole.

Uangalie pia mpangilio wa pete. Fimbo ya jigi nyepesi iwe na pete nyingi, ndogo, na za juu ziwe nyepesi kabisa. Chuma kizito kwenye ncha kinaichelewesha kujinyoosha, na hapo umbali unapungua.

Fimbo wanazonunua watu wakajuta

Ya kwanza ni ile ya kuchomoka kama antena. Nafahamu kwa nini inapendwa: inaingia kwenye mkoba, unapanda nayo daladala bila kugombana na kondakta, na kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe haigongi kuta. Lakini pete zake ni chache, zinazunguka, na chumvi na mchanga vinaingia kwenye maungio mpaka haifungiki. Kama tatizo ni usafiri, nunua ya vipande vinne. Iweke ndani ya bomba la plastiki la fundi bomba, lenye kifuniko pande zote mbili, na hata kwenye bodaboda itafika salama.

Ya pili ni fimbo fupi nene ya jigi, inayouzwa kwa jina hilo hilo la jigi. Ni ya boti za Nungwi zinazokwenda maji makuu kutafuta jodari na kolekole wakubwa, na jigi zake ni za gramu mia na kupanda. Jina ni moja, kazi ni nyingine kabisa.

Ya tatu ni seti ya fimbo na rili pamoja, yenye uzi tayari. Si mbaya zote, ila uzi wake utoe siku hiyo hiyo.

"Je, akila mkubwa?"

Atakula, siku moja. Kolekole wa kilo 3 kwenye fimbo laini si msiba kama uko kwenye mchanga: achia breki ifanye kazi, fimbo iwe imeinama kiasi, tembea naye. Kinachovunja fimbo ni kuiinua wima samaki akiwa karibu na miguu yako. Hapo mvuto wote unahamia kwenye ncha. Usimnyanyue samaki kwa fimbo juu ya ukuta. Shika kipande cha mbele cha uzi kwa mkono, au uwe na wavu wenye mpini mrefu.

Karibu na mwamba mambo ni mengine. Chewa akiingia kwenye shimo lake umempoteza na jigi yako, na fimbo laini haiwezi kumzuia. Kama unavua juu ya matumbawe kila siku, panda hadi L ya gramu 3 hadi 12, PE 0.8, na ukubali kwamba zile za gramu 1 hutazirusha tena vizuri.

Pesa ni chache, nianze wapi?

Uzi kwanza, fimbo ya pili, rili ya mwisho. Rili ya kawaida yenye breki laini inatosha kabisa kwa samaki wa nusu kilo. Uzi mbaya haurushi hata kwa fimbo ya Shimano au Daiwa.

Upepo na maji

Kabla ya kuilaumu fimbo mpya, angalia umesimama upande gani wa kisiwa. Upepo wa kusi unatoka kusini-mashariki, hivyo katikati ya mwaka pwani ya Paje hadi Matemwe unakupiga usoni, na jigi ya gramu 2 hapo ni kazi bure. Wakati huo huo upande wa magharibi, Mangapwani kwa mfano, unakuwa nao mgongoni na jigi ile ile inakwenda mbali. Ukilazimika kurusha dhidi ya upepo, ongeza uzito wa jigi kabla ya kufikiria fimbo nyingine, rusha chini chini, na uzuie uzi kwa kidole jigi inapokaribia maji. Kisha funga waya wa rili kwa mkono. Hivyo mafundo yanapungua sana.

Bamvua linaweza kuleta tofauti ya karibu mita nne kati ya maji kupwa na maji kujaa. Penye samaki usiku Mizingani, asubuhi pengine ni tope. Na wewe unayetembea juu ya mwamba wa mashariki maji yakiwa yametoka, vaa viatu na ugeuke mapema: maji yanarudi kwanza kwenye mikondo iliyo nyuma yako, upande wa ufukweni.

Jua pia unaporusha. Mwamba wa magharibi wa Chumbe umefungwa kwa uvuvi tangu 1994, na ghuba ya Menai ni eneo la hifadhi tangu 1997 lenye masharti yake. Vijiji vingine hufunga sehemu za mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza akue. Muulize sheha au kamati ya wavuvi ya pale kabla hujafungua begi.

Ukirudi nyumbani

Suuza fimbo na rili kwa maji baridi ya bomba yanayotiririka polepole. Usiichovye rili ndani ya ndoo. Pitisha kitambaa kwenye kila pete, hasa miguu yake ya chuma, ambapo chumvi hujificha. Tenganisha vipande usiku huo huo, kwani chumvi ikikauka kwenye maungio vinagandana. Iache ikauke kivulini kabla ya kuirudisha kwenye bomba lake.

Kaboni inapitisha umeme. Masika, radi ikisikika hata kwa mbali, laza fimbo chini na uondoke ufukweni. Na usipite na fimbo iliyounganishwa chini ya nyaya za umeme.

Ncha ikikatika sentimita chache karibu na pete ya mwisho, usiitupe. Sawazisha palipovunjika kwa msasa laini, tafuta pete ya ncha yenye tundu linaloingia pale, na uibandike kwa gundi ya kuyeyusha ili siku nyingine uweze kuitoa. Fimbo itakuwa ngumu kidogo kuliko mwanzo. Ipandishie jigi kwa gramu moja na uendelee kuvua.